Ufito wa Mzee Tambara

Kama kuna mtu aliyewahi kuipenda kazi isiyompenda, basi ni Mzee Tambara. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, limeandikwa hata kwenye kitambulisho, lakini pale kituoni hakuna aliyekuwa na shida nalo. Walimwita Tambara kwa sababu mfuko wake wa nyuma haukukosa kitambaa kinachoning'inia, kinachonuka mafuta ya mashine, na kitambaa hicho alikwenda nacho kazini, sokoni, hata msibani. Mkewe alikuwa na wimbo wake wa miaka yote: "Huyu mume wangu sahani hajaosha hata moja tangu anioe, lakini bunduki za serikali anaziogesha kama kitoto kichanga." Wala hakuwa anamsingizia.

Alikuwa mtunza ghala la silaha katika kituo cha askari wa misitu. Usidhani ni jambo kubwa. Ghala lenyewe lilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya mkuu wa kituo, chenye dirisha moja la nondo, sakafu ya saruji iliyopasuka kutoka mlangoni hadi kwenye kona ya rafu, na ukutani fremu ya mbao iliyosimamisha bunduki thelathini na mbili. Za kizamani hasa: ndefu, za mbao na chuma, zilizotengenezwa kwa ajili ya vita ambavyo hata waliovipigana walishazikwa wote. Bunduki za kupiga moja moja. Unashika bolti, yaani kile kipande cha chuma chenye mkono pembeni, unakiinua, unakivuta nyuma, unakisukuma mbele, risasi inaingia. Ukishapiga, unaanza upya. Vijana walizicheka wakiziita vikongwe, na Tambara alinuna kweli kweli. "Kikongwe huyu atakuzika wewe," aliwajibu.

Alizijua moja moja, kwa namba na kwa tabia. Namba Tano ilikuwa na ufa kwenye mbao karibu na kitako. Namba Ishirini bolti yake ilikuwa nzito asubuhi, ikishapata joto inalainika. Kila bolti ilikuwa na namba ya bunduki yake, na ole wako uzichanganye: kuingia zinaingia, lakini bolti isiyo yake inaweza kuacha nafasi nyuma ya risasi, na siku hiyo moto unakurudia usoni. Akikukabidhi bunduki, hata kama ameikagua mbele ya macho yako, ilibidi nawe uifungue, uchungulie chemba, pale risasi inapokaa, uingize kidole uhakikishe haina kitu, mdomo wa mtutu ukitazama pasipo na mtu. Ukijifanya mjuaji ukasema, "Si umeshaangalia, mzee?" aliirudisha mahali pake, na siku hiyo huipati ng'o.

Siku za shabaha ndiyo usiseme. Risasi zao zilikuwa kongwe sawa na bunduki zenyewe, na fataki zao, yaani kile kidonge cha nyuma kinachowasha baruti, ziliacha chumvichumvi ndani ya mtutu. Usipoisuuza kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kutu inaweka makazi. Basi Tambara alichemsha birika, akachomeka faneli, akamimina, akakausha kwa kitambaa mpaka kikatoka cheupe, ndipo akapaka mafuta. Kidogo tu, alisisitiza, si ya kukaangia.

Haya yote alifundishwa na fundi aliyemtangulia, mzee mkali mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto. Enzi za fundi huyo ghala lilikuwa na meza. Bunduki ilivuliwa bolti, ikalazwa, ufito wa shaba ukaingizwa kwa nyuma na kutokea mdomoni. "Kwa nyuma," alisema kila siku. "Usije ukaingiza kwa mbele." Hakusema kwa nini, na Tambara, kijana wa siku chache kazini, hakuuliza. Simlaumu. Nani kati yetu alikuwa na ubavu wa kumhoji mwalimu mkali?

Fundi akastaafu, akafa. Kisha, miaka ishirini na miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, bunduki moja ilipotea katika kituo cha mbali huko, na amri ikashuka kwa vituo vyote. Bunduki zisimame ukutani, mnyororo mmoja mrefu upite katika tundu la kifyatulio cha kila moja. Bolti zivuliwe, zifungiwe kwenye kasha la chuma ofisini kwa mkuu. Ufunguo wa mnyororo utoke siku ya gwaride na siku ya shabaha tu, kwa barua. Doria waende na virungu na redio. Meza, kwa kuwa haikuwa na kazi tena, ikachukuliwa na karani. Na mwisho wa amri ile ile, mstari wa mwisho kabisa: silaha zisafishwe kila siku, na daftari lisainiwe.

Haya, wewe ungefanyaje? Bunduki imesimama, kitako sakafuni, mgongo ukutani, mnyororo kiunoni. Kwa nyuma huingizi hata njiti ya kiberiti. Tambara alikuna kichwa siku mbili, siku ya tatu akapata jibu. Alipanda stuli, akaingiza ufito kwa juu, kwa mdomo wa mtutu, akasukuma chini, akavuta juu. Ufito wa shaba ulipovunjika aliomba mwingine kwa barua, barua ikaliwa na mchwa wa makao makuu, basi akatafuta nondo nyembamba, akaipiga tupa na msasa siku tatu mpaka ikateleza, akaitia ufa nchani wa kushikia kitambaa. Mkuu wa wakati ule alimpigia makofi. Akapewa cheti cha Mtunza Silaha Bora, akakitundika sebuleni juu ya redio, na mgeni hakai sawasawa kabla hajaonyeshwa.

Tangu hapo, kila siku ya kazi, mitutu thelathini na mmoja, mara kumi chini, mara kumi juu. Mdomoni aliongeza jivu laini lililochekechwa, pang'ae kama pete, kwa sababu hapo ndipo wakuu walipotazama. Mkuu wa sasa, aliyekuwa na miaka tisa pale, alikuwa na mtindo wake: saa sita mchana alipita na leso nyeupe, akaichomeka mdomoni mwa bunduki yoyote aitakayo, akaizungusha, akaitazama dirishani. Haikuwahi kutoka na doa. Akasaini chini ya saini ya Tambara: silaha zote ni nzima.

Nimesema thelathini na mmoja. Namba Thelathini na Mbili ilisimama kwenye kona, chini ya rafu ya makaratasi, na juu yake hapakuwa na nafasi ya kuinua ufito wa mita nzima. Hiyo aliipaka mafuta kwa kidole ilikofikika, mara mbili kwa mwaka, akaiacha na vumbi lake. Hata leso ya mkuu haikuwahi kufika huko. Tambara aliionea haya, akawa anaipita bila kuitazama.

Ukutani, juu ya fremu, aliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: BUNDUKI SAFI HAIKOSEI. ANAYEKOSA NI MTU. Maneno hayo aliyatunga yeye, akayapenda, akawa anayasema hata nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na binti yake wa mwisho. Wakubwa walishaolewa na kuhama. Huyu ndiye aliyebaki, na Tambara alimwita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao. Tangu akiwa darasa la tatu alikuwa anapeleka chakula cha baba kituoni na kukataa kuondoka. Alitaka kuwa askari wa misitu, basi. Ukimwambia ualimu, anakuna sikio. Alipomaliza shule akasubiri tangazo la ajira. Akasubiri mwaka, miwili, saba. Akiwa anasubiri, alifanya kazi kwa dobi, anapiga pasi mashuka ya nyumba za wageni kuanzia asubuhi hadi jioni, mikono yote imebabuka kwa mvuke.

Siku tangazo lilipobandikwa, Tambara alilisoma mara tatu asiamini. Umri usizidi miaka ishirini na mitano. Binti angetimiza ishirini na sita baada ya wiki sita. Unaona lilivyokaa? Ni hii au hakuna tena maisha yake yote.

"Mama," alimwambia jioni ile, "pasi umeiaga."

"Usinitie tamaa, baba."

"Mimi nakuambia umeiaga."

Wakaanza. Bunduki hairuhusiwi kutoka ghalani, kwa hiyo Tambara alichukua mchi wa mkewe, akapigilia misumari miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, ikawa ndiyo ya kulengea. Binti alilala kifudifudi uani, mchi begani, na juu ya mchi baba yake aliweka sarafu. "Vuta pumzi. Toa nusu. Shika. Sasa kidole peke yake, mwili usijue." Sarafu ilianguka. Ikaanguka tena. Mke akalalamika kwamba watu wanalala njaa mchi wao ukienda vitani, lakini jirani wakija kushangaa aliwafukuza yeye mwenyewe. Wiki ya pili sarafu ilikaa. Wiki ya tatu hata ukimwita ghafla, hata kuku akimpita mgongoni, sarafu haitikisiki. Nawaambia ukweli, binti yule alikuwa na mkono. Wako watu wanaishika bunduki miaka thelathini hawaupati.

Mbio akashinda. Mahojiano akapita. Wakabaki kumi, wakitakiwa sita, na kilichobaki ni shabaha: risasi tano, hatua mia moja, nne ziingie kwenye duara jeusi.

Hapo ndipo Tambara alipofanya jambo ambalo baba yeyote angelifanya. Alichagua bunduki ya mwanawe. Namba Kumi na Saba ilikuwa kipenzi chake, mbao haina alama, bolti inateleza yenyewe. Siku zote zilizobaki aliisafisha mara tatu kwa siku badala ya moja. Alipanda stuli asubuhi, mchana, na kabla ya kufunga, akasukuma ufito mpaka kwapa likauma. Mdomo wake aliupiga jivu ukang'aa hata ukijitazama unajiona.

Siku moja kabla ya mtihani mkuu alimpa ufunguo, barua na orodha. Bunduki kumi zitoke, wa kwanza kwenye orodha apewe namba ndogo, wa mwisho apewe kubwa. Katika zile kumi zilizotajwa kwenye barua, moja ilikuwa imekatika springi, na ya karibu ya kuziba pengo, pale mwishoni mwa mnyororo, ilikuwa Thelathini na Mbili. Akaitoa kwenye vumbi lake. Akatazama orodha: wa kumi, wa mwisho kabisa, alikuwa binti yake. Thelathini na Mbili ilikuwa ya binti yake.

"Thubutu," alisema Tambara, peke yake mle ghalani.

Wa nne kwenye orodha alikuwa kijana mmoja mwembamba, mwana wa seremala, aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba bunduki hajawahi kuigusa. Kumi na Saba ilimwangukia yeye. Tambara akabadilisha. Kalamu moja tu, mistari miwili. Akaifuta Thelathini na Mbili vumbi la nje, akapitisha kitambaa kimoja kwa nyuma kutoa mafuta ya zamani, akamwonea huruma yule kijana, ila huruma ya kupita.

Asubuhi mtahini alifika kwa gari la makao makuu. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, aliyefundisha shabaha miaka mingi, na hakuwa na maneno ya ziada. Aliwatazama wote wakipokea bunduki. Binti wa Tambara ndiye peke yake aliyeifungua bila kuambiwa, akachungulia, akaingiza kidole, mdomo wa mtutu ukitazama kwenye tuta la udongo. Mtahini akaandika kitu. Tambara, amesimama nyuma ya kamba, akalishika tambara lake kwa furaha.

Binti akalala chini. Tambara alimtazama mgongo. Pumzi ikaingia, ikatoka nusu, ikakaa. Akapiga. Bega halikushtuka, kichwa hakikuinuka. Akavuta bolti, akasukuma, akapiga tena. Tano zote namna ile, kama sarafu ingali juu yake.

Karani akasoma matokeo kwa sauti. Wa nne, yule mwembamba: tano. Watu wakacheka kwa mshangao, naye mwenyewe akacheka. Wa kumi: mbili.

Tambara alidhani karani amekosea mstari. Alisubiri asahihishe. Karani akakunja karatasi.

Binti alimrudishia Kumi na Saba imefunguliwa, chemba tupu, kama alivyofundishwa. Hakumtazama usoni. "Samahani, baba," alisema, akaenda kuchukua mkoba wake.

Wengine walipokwenda kunywa chai, mtahini alimwita Tambara kwenye mbao za shabaha. Alimwonyesha karatasi ya yule mwembamba: matundu matano ya duara, yamesongamana. Kisha akamwonyesha ya wa kumi. Mawili ndani ya duara jeusi, matatu yametawanyika, na matano yote hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, kama tundu la kitasa.

"Risasi zimepita ubavu," alisema. "Zimetoka zikiyumba. Huyu binti ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Anajua kupiga. Kosa si lake. Lete hiyo bunduki."

Tambara akaleta, bolti imevuliwa. Mtahini akatoa risasi moja, akaigeuza kichwa chini, akaichomeka ncha yake kwenye mdomo wa mtutu. Ilizama yote, mpaka kwenye shingo ya ganda. Akaichomoa. "Sasa lete ile ya mwembamba." Kwenye Thelathini na Mbili risasi ile ile iliingia kidogo ikagota, sehemu kubwa ya ncha ikabaki nje. "Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Ndani mna mifereji inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Hapa mdomoni ndipo risasi inapoagana na bunduki. Pakilika hapa, hata uwe nani, hupigi kitu. Hii haikulika kwa risasi, mzee. Mnapiga mara ngapi kwa mwaka? Imelika kwa ufito. Nani anasafisha kwa mbele?"

Tambara akainama kuuchungulia mdomo ule.

"Kwa chuma," aliendelea mtahini, akipitisha kidole mdomoni. "Na mmetia nini? Mchanga?"

"Jivu," alisema Tambara. "Laini."

Mtahini akamtazama, akaelewa, na sauti yake ikapungua. Alisema kanuni inaruhusu mtu arudie kama mkuu wa kituo atasaini kwamba silaha ilikuwa mbovu. "Nasubiri mpaka saa nane. Baada ya hapo nina kituo kingine, na orodha naondoka nayo."

Saa ya ukutani ofisini kwa mkuu ilisema saa saba na nusu. Tambara hakubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mkuu, Kumi na Saba ni mbovu. Saini binti arudie."

"Mbovu tangu lini?"

"Tangu zamani. Karibu zote. Nimeziharibu mimi, kwa kuzisafisha."

Mkuu alicheka kwanza. Alipoona mzee hacheki, akafungua droo akatoa daftari. "Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Na hii ya chini?"

"Yako, mkuu."

"Kila siku ya Mungu, miaka tisa, silaha zote ni nzima. Leo niandike zilikuwa mbovu? Na wale wengine watatu walioanguka, nao si watataka kurudia? Tutapiga shabaha mpaka lini hapa?"

"Andika kosa ni langu. Nifukuze. Nishtaki kabisa, nipo tayari, nitasaini popote. Ila mtoto arudie. Ana wiki tatu tu, mkuu, baada ya hapo umri unamtupa."

"Mzee Tambara." Mkuu alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Nikikushtaki wewe, wataniuliza mimi nilikuwa natazama nini. Nenda kapumzike. Ataolewa, atasahau."

Alibaki amesimama pale. Alisihi, akarudia maneno yale yale, akashika hadi ukingo wa meza, meza ile ile ya fundi wa zamani iliyoletwa baadaye ofisini. Mkuu akaanza kuandika mambo yake. Saa nane gari likawashwa. Tambara akatoka mbio. Mtahini akashusha kioo.

"Amesaini?"

"Hajasaini."

"Pole sana, mzee. Nitaandika maoni kuhusu hali ya bunduki."

"Maoni anasoma nani?"

Yule mama hakumdanganya. "Mara nyingi hakuna," alisema, na gari likaondoka.

Alimkuta binti uani anaosha raba za kukimbilia alizoazima, ili azirudishe zikiwa safi. Mama yake alikuwa mlangoni, ameshika tama.

"Si wewe," alisema Tambara hata salamu hajatoa. "Ni bunduki. Mdomo wake umelika. Nimeusaga mimi, kwa ufito, miaka yote hii."

Binti akaendelea kusugua soli. "Bunduki inaharibika kwa kusafishwa, baba?"

"Inaharibika. Ukisafisha kwa mbele."

"Hiyo mpya," alisema mkewe, taratibu.

"Mtahini kanionyesha! Risasi inazama yote!"

"Baba." Binti aliweka raba chini. "Bunduki safi haikosei, anayekosa ni mtu. Si umeandika ukutani mwenyewe? Nimeyasikia maneno hayo tangu sijui kusoma. Leo nimekosa mimi, ndiyo bunduki ikaharibika?"

"Niliandika upuuzi."

"Unanitafutia maneno ya kunipoza. Nashukuru. Lakini mkono ulitetemeka, niliusikia mwenyewe."

"Haukutetemeka!" Tambara alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kumfokea mtoto huyu. "Nilikutazama! Haukutetemeka hata kidogo!"

Akalia. Mzee mzima, palepale uani. Binti akainuka na mikono yenye povu, akamshika bega. "Basi, baba. Basi. Usijiumize, mimi nimeshakubali." Akawa yeye ndiye anayembembeleza. Karatasi ya shabaha ilikuwa imeondoka na gari, bunduki ziko chini ya mnyororo, na raia haingii ghalani. Hakuwa na cha kumwonyesha. Lilikuwepo neno moja tu ambalo angeliamini, kwamba Thelathini na Mbili ilikuwa yake kwa haki na ni baba yake aliyempokonya kwa kalamu. Hilo hajalitoa mpaka leo.

Asubuhi yake binti alirudi kwa dobi, kabla ya saa ya kuingia, asikutane na watu. Jioni alichukua koleo, akang'oa ile misumari miwili, akauosha mchi, akaurudisha kwenye kinu. Wiki tatu zikapita, akatimiza ishirini na sita.

Ajabu ni kwamba maoni ya mtahini kuna mtu aliyasoma. Ilikuja barua ya mistari minne. Mkuu alimsomea Tambara ghalani: kati ya silaha zote zilizotumika, namba thelathini na mbili peke yake ina hali nzuri, itunzwe. Ya ufito na ya jivu, aliyakuta lakini hakuyasoma kwa sauti. Alikunja barua kabla ya mwisho.

"Unaona?" alisema. "Hii ndiyo ya kuonyesha wageni. Na wewe umeitelekeza kwenye kona kama haina mwenyewe." Akaita watu wawili, rafu ikang'olewa, juu ya Thelathini na Mbili pakawa peupe. "Kuanzia leo inaingia kwenye zamu kama wenzake. Kila siku. Nataka ing'ae."

"Mkuu, nipe ufunguo," alisema Tambara. "Niilaze chini, niisafishe kwa nyuma. Hii moja tu."

"Ufunguo unatoka kwa barua, unajua."

"Basi tuiache ilivyo. Mafuta kidogo inatosha. Nakuomba."

"Saa sita napita na leso," alisema mkuu, akatoka.

Tambara alikaa kwenye stuli. Maneno mekundu yalikuwa juu ya kichwa chake, hakuwa na rangi nyingine ya kuyafutia. Halafu alisimama juu ya stuli, akafunga kitambaa kwenye ncha ya ufito, akauingiza kwa mbele. Alijaribu asiguse kingo. Mkono wake, huo ndio uliokuwa unatetemeka, na nondo ikasaga mdomo wa mtutu kwa sauti ndogo aliyokuwa ameisikia kila siku kwa miaka ishirini na miwili akidhani ni sauti ya usafi. Mara kumi chini, mara kumi juu.

Saa sita mkuu alichomeka leso, akaizungusha, akaitazama dirishani. Ilikuwa nyeupe pe.

"Safi," alisema. "Laiti kila mtu angefanya kazi kama wewe."

Akamsogezea daftari, na Tambara akasaini.